Flashi ya Windows inabuti kwenye Dell ya mshkaji, kwenye HP yangu haionekani kabisa. Kosa la flashi, la Rufus au la mashine?

#1 Nzagamba Jr
Wakuu habari za muda huu. Nina HP ya core i5 kizazi cha 11, mtumba, nimeichukua mwezi uliopita ikaja na Windows 10 imejaa vitu vya mwenyewe wa zamani mpaka picha za send-off. Nikasema nipige Windows 11 safi kwa mkono wangu, maana fundi wa hapa mtaani anataka elfu ishirini na hiyo elfu ishirini nimeshaigawa kwenye flashi na bando. ISO (lile faili moja lenye Windows nzima) nimeishusha usiku, GB tano na ushee, nikaenda nayo kazini nikatengeneza flashi kwa Rufus, ile programu ya kuandikia ISO kwenye flashi, ikafika mwisho ikaandika READY kwenye kijani, moyo ukatulia.

Sasa kichekesho. Nimeichomeka kwenye Dell ya mshkaji wangu, ile ya zamani kizazi cha 3, inabuti bila shida, naona mpaka dirisha la kuchagua lugha. Nikirudi kwenye HP nabonyeza Esc, F9, menyu inakuja naona SSD peke yake. Flashi haipo. Nimerudia kama mara sita. Taa ya flashi inawaka mara moja tu halafu kimya.

Kwenye Rufus sikugusa kitu, ila nadhani pale penye MBR na GPT (namna mbili za kuigawa flashi) niliweka MBR kwa sababu jamaa wa YouTube alisema MBR inakubali mashine zote. Flashi ni mpya, GB 64, elfu saba.

#2 Mpita Njia
Nakaa hapa kwenye benchi la nyuma nasubiri wataalamu. Nina HP pia.

#3 Fundi Saa Nane
Mkuu umejijibu mwenyewe kwenye aya ya mwisho. Ni MBR hiyo.

Iko hivi. Dell ya kizazi cha 3 bado ina BIOS ya kizamani ndani yake (programu ya kwenye bodi inayoiamsha mashine), inaenda kwenye sekta ya kwanza kabisa ya flashi, inakuta kipande cha kuanzishia inakiendesha, basi. HP yako inatumia UEFI tupu, mrithi wa BIOS, hiyo haina habari na sekta ya kwanza, inatafuta patisheni inayoweza kuisoma (yenye fomati ya FAT32 kwa kawaida) halafu faili la bootx64.efi ndani ya folda ya efi/boot. Ukiweka MBR kwa ISO ya Windows, pale chini Rufus inajibadilisha yenyewe inasoma BIOS au UEFI-CSM, na CSM, yaani sehemu ya UEFI inayoigiza BIOS ya zamani, kwenye mashine mpya ndio hiyo imeshaondolewa. Intel walishasema tangu 2017 kwamba wanaiondoa. Flashi yako imeandikwa kwa NTFS, fomati nyingine ya Windows, HP inaiangalia haioni cha kusoma, inakupotezea.

Rudia, weka GPT, target UEFI, umemaliza. Huyo wa YouTube alirekodi video yake zamani za kale.

#4 Mzee wa Pentium
Mnamzungusha kijana wa watu. Ni Secure Boot hiyo, ile kinga inayokataa kubuti kitu kisicho na saini. Ingia BIOS kwa F10, zima Secure Boot, hifadhi, rudi. Mimi nimepiga Windows tangu enzi za CD za kuchoma, kila HP mpya lazima uzime kwanza Secure Boot ndio Rufus ifanye kazi. Wala hakuna cha GPT.

#5 kobe_wa_pwani
Mzee wangu shikamoo, ila hiyo ya Secure Boot ilikuwa kweli zamani. Ile patisheni ndogo ya Rufus inayoisaidia UEFI kusoma NTFS ilikuwa haina saini ya Microsoft, kwa hiyo Rufus yenyewe ilikuwa inakupa onyo uzime. Tangu toleo la 3.17 mwaka 2021 ina saini, huzimi kitu. Halafu tena Secure Boot ikikataa huwa inakupa ujumbe mwekundu baada ya kuchagua flashi. Huyu flashi yenyewe haioni, atachagua nini?

#6 Mzee wa Pentium
Marahaba. Toleo sijui la ngapi mimi sifuatilii, ninachojua kwangu nikizima inakubali. Huo ndio utaalamu.

#7 Mama Printa
Habari zenu. Mimi nina steshenari karibu na chuo, hizi flashi zinapita mkononi mwangu kutwa. Mleta uzi, GB 64 kwa elfu saba? Pole kaka yangu. Hiyo sio 64.

Hizi feki zinachezewa kile kidude cha ndani kidanganye saizi. Ndani unakuta GB 8, kompyuta inaambiwa 64, na inaamini. Unaandika vizuri mpaka unafika pale halisi panapoishia, kuanzia hapo data inaenda hewani au inarudi mwanzo inakanyaga ulichoandika kwanza. Mwaka juzi binti mmoja alileta utafiti wake wa mwaka wa tatu kwenye flashi ya namna hiyo nimchapie. Majina ya mafaili yote yapo, saizi zipo, ukifungua Word inasema faili limeharibika. Yote. Alikaa pale kwenye stuli yangu hata kulia hakulia, alikuwa anaichomoa flashi anaipuliza anaichomeka tena, anaichomoa anaipuliza. Tangu siku hiyo kila flashi ninayouza naipima kwanza kwa programu ya H2testw, kwenye Linux kuna f3. Inaijaza yote halafu inasoma tena. Inachukua muda lakini nalala usingizi.

Na READY ya Rufus isikudanganye, maana yake nimemaliza kuandika, sio nimerudi kukagua. Kuna kisanduku cha kukagua sekta mbovu, kikiwa na tiki kinaikamata feki, ila nani anakitiki?

#8 Nzagamba Jr
Dada Mama Printa umenitisha. Sasa kama ni feki mbona Dell inabuti mpaka mwisho?

#9 Kiporo Moto
Dell ina huruma.

#10 Mama Printa
Windows ni GB tano na kidogo, inaingia kwenye hizo 8 za kweli, kwa hiyo mwanzo wa flashi upo sawa na Dell inasoma mwanzo, kama alivyosema Fundi #3. Lakini ile patisheni ndogo aliyoitaja kobe #5, Rufus inaiweka mwisho kabisa wa flashi. Mwisho wa 64. Ambao haupo. HP inaenda kuitafuta inakuta upepo. Umeona sasa?

#11 Fundi Saa Nane
Hapo dada umepiga kona nzuri sana nakupa tano, ila kuna tatizo. Akiwa ameweka MBR na target ya BIOS, hiyo patisheni ndogo haiundwi kabisa. Kwa hiyo feki au siyo feki matokeo ni yaleyale, haitaonekana. Tunarudi kwenye MBR.

#12 Mama Printa
Amesema "nadhani niliweka MBR". Nadhani.

#13 Nzagamba Jr
Kusema ukweli sikumbuki vizuri. Ilikuwa saa ya chakula na bosi alikuwa anapitapita.

#14 Jirani wa Namanga
Niaje wadau, salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Buda umejaribu poti gani? Mimi nilihangaika na kitu kama hii siku mbili, flashi inabuti poa halafu inaniambia kuna draiva ya midia inakosekana, nikadhani ISO ni mbovu nikadaunlodi tena, bando ikaisha, kumbe ilikuwa tu nihamishe flashi kutoka ile poti ya bluu niweke kwa ile nyeusi. Bluu ni USB 3, nyeusi USB 2. Jaribu hiyo kwanza kabla uanze kutupa pesa.

#15 Fundi Saa Nane
Jirani hiyo ilikuwa Windows 7 bila shaka? Windows 7 ilitoka 2009, haikuja na draiva za USB 3 kwenye ISO yake, kwa hiyo ikishabuti inapoteza flashi iliyoibeba yenyewe, kama mtu anayemsahau bodaboda aliyemleta. Kuanzia 8 zimo ndani. Na pia menyu ya F9 inakuja kabla Windows haijaanza, draiva za Windows hazihusiki hapo.

#16 Jirani wa Namanga
Ilikuwa 7, eeh. Sawa. Lakini poti mbovu ni poti mbovu, iwe mwaka gani. Badilisha tu poti hautakufa.

#17 Skrini Nyeusi
Mnahangaika na madirisha wakati milango iko wazi. Shusha Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ni kama GB 3 tu, inaandikwa kwenye flashi kwa mstari mmoja:

sudo dd if=mint.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress

Ikimaliza andika sync, chomoa, buti. BIOS ya zamani inakubali, UEFI inakubali, maana ISO zao zimetengenezwa toka mwanzo ziweze kukaa kwenye CD au flashi. Hakuna mambo ya NTFS, hakuna kuulizana MBR.

#18 Kiporo Moto
Alikuwa amechelewa leo huyu.

#19 Dada Eksel
Skrini Nyeusi mwambie mwenzako na upande wa pili wa hiyo dd. Mimi niliifuata amri kama hiyo neno kwa neno kwenye laptopu ya kazini, iliyokuwa na diski mbili, kwa hiyo sdb haikuwa flashi, ilikuwa diski ya pili yenye mahesabu ya miezi minane. dd haiulizi "una uhakika?". Niliona tu namba zinapanda haraka sana nikafurahi nikasema leo flashi ina kasi. Flashi haiwezi kuandika kwa kasi ile jamani, hapo ndipo ningeshtuka. Nikaenda kuchemsha chai nikarudi.

Kwa hiyo kabla ya dd, andika lsblk, inakuorodheshea diski zote. Angalia saizi. Chomoa flashi, lsblk tena, uone ipi imepotea. Halafu ndio uandike herufi.

#20 Skrini Nyeusi
Pole sana dada, hiyo kweli nakubali, nilitakiwa kuisema. Ndio maana wengine wanatumia programu ya Etcher, inaficha diski kuu na ikimaliza inasoma tena kuhakiki. Ila Etcher msiipe ISO ya Windows, itakuonya yenyewe, ISO ya Windows haijatengenezwa kwa kuandikwa hivyo.

#21 Mjukuu wa Floppy
Kwani si anaweza kuifomati flashi FAT32 halafu ana-copy mafaili ya ISO na kupaste tu? Mimi niliwahi kufanya hivyo na UEFI ikasoma bila Rufus wala nini. Ila kumbukeni FAT32 inakubali flashi ya mwisho GB 4.

#22 kobe_wa_pwani
Yakhe nusu umepatia nusu umekosa. GB 4 ni kikomo cha faili moja, siyo cha flashi. Flashi ya FAT32 inaweza kuwa kubwa tu, isipokuwa dirisha la kufomati la Windows limezoea kukukatalia ukipita 32.

Njia yako ilifanya kazi zamani kwa sababu install.wim, lile faili kubwa lenye Windows yenyewe, ilikuwa haijafika GB 4. Siku hizi inapita, ukibandika inakwambia faili ni kubwa mno. Ndio maana Rufus inakimbilia NTFS. Ukitaka kubaki FAT32 unalikata vipande:

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

D iwe ISO uliyoifungua, E iwe flashi. Mafaili mengine yote unabandika kawaida ukiiacha hiyo wim. Windows ikianza itaviona vipande yenyewe. Wa Linux anatumia wimlib, kazi ni ileile. Au tumia ile programu ya Microsoft wenyewe ya kutengenezea flashi, inashusha toleo lililobanwa zaidi, linakaa kwenye FAT32 bila kukata. Inataka flashi ya kuanzia GB 8 tu, lakini inashusha upya kila kitu, kwa hiyo kama bando ni la kuunga unga usijaribu.

#23 Mjukuu wa Floppy
Nimekula shule. Shukrani.

#24 Bwana Bando
Ventoy wakuu. Mbona hakuna aliyetaja Ventoy? Unaiweka mara moja, baada ya hapo ISO unabandika kama unavyobandika muziki. Yangu ina Windows 10, 11, Mint, na ya kuokolea mafaili, zote flashi moja. Nikiwasha inanipa listi nachagua kama niko kwa mama ntilie.

#25 Mama Printa
Ventoy nzuri, naipenda, lakini nayo inaweka patisheni yake ya MB 32 mwisho wa flashi. Kwenye feki ni msiba uleule. Na kwenye mashine yenye Secure Boot mara ya kwanza inakuletea skrini ya bluu ya kusajili ufunguo, wateja wangu wakiiona wananipigia simu wanasema kompyuta imekufa.

#26 Skrini Nyeusi
Kuna watu pia hawaiamini kwa sababu ya mafaili ya programu yanayokuja tayari yamegeuzwa kuwa lugha ya mashine, ambayo mtu huwezi kuyajenga upya mwenyewe. Mimi naitumia, ila nawaelewa.

#27 Nzagamba Jr
Wakuu mrejesho. Flashi IMEONEKANA. Nimefika mpaka kwenye kuchagua mahali pa kuweka Windows, na hapo ndipo muziki umeanza upya. Listi ni nyeupe. Hakuna diski hata moja. Inaniambia nipakie draiva. SSD nzima ya GB 256 imeyeyuka, wakati Windows 10 ya zamani inawaka kama kawaida nikichomoa flashi. Nimeiua?

#28 Mpita Njia
Mimi nilijua tu.

#29 Kiporo Moto
Tafuta dereva mwenye leseni.

#30 Fundi Saa Nane
Hujaua kitu, tulia. Karibu kizazi cha 11. Kuanzia hapo Intel wameweka kitu kinaitwa VMD, kinasimama kati ya SSD na kompyuta, na ISO ya Windows mara nyingi haina draiva yake. Ingia BIOS, tafuta VMD, zima, rudi, diski itaonekana.

#31 Dada Eksel
Subiri kwanza kabla hujazima! Ukiizima halafu ukabadilisha mawazo ukataka kurudi kwenye Windows 10 ya zamani, haitawaka, itakupa skrini ya bluu kwamba haioni diski ya kubutia, mpaka urudishe ilivyokuwa. Na kama ina BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, ukigusagusa BIOS inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48. Mtumba huo, ufunguo uko kwenye akaunti ya mtu ambaye sasa hivi yuko fungate.

#32 kobe_wa_pwani
Na HP nyingi za nyumbani hiyo VMD haipo kwenye BIOS, nimepekua yangu kila kona hamna. Njia ni draiva. Nenda saiti ya HP, weka modeli yako, chukua Intel Rapid Storage. Kama ni ile SetupRST.exe ya Intel, huiendeshi hivihivi, unafungua CMD pale ilipo unaandika:

SetupRST.exe -extractdrivers draiva

Inakutolea folda yenye faili la .inf. Folda hiyo unaibandika kwenye flashi hiyohiyo ya Windows. Ukifika kwenye listi nyeupe unabonyeza kupakia draiva, unaielekeza kwenye folda, inasoma, diski inachomoza kama mwezi wa Idi.

#33 Mzee wa Pentium
Zamani tulikuwa tunabonyeza F6 tunaingiza floppy ya draiva. Miaka ishirini mmezunguka mmerudi palepale.

#34 Mjukuu wa Floppy
Mzee tuambie ukweli, wewe mwenyewe unatumia Windows gani?

#35 Mzee wa Pentium
Kumi. Kwenye Core 2 Duo.

#36 Bwana Bando
Kumi si walishaiacha tangu tarehe 14 Oktoba 2025? Na ya 11 toleo la 24H2 mzee haitakukubali hata kwa ujanja wa Rufus. Sharti la TPM (chipu ya usalama) Rufus inaruka, RAM inaruka, lakini 24H2 inataka maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haijazaliwa nayo. Hapo hakuna cha kuruka.

#37 Skrini Nyeusi
Mzee, Mint.

#38 Mzee wa Pentium
Niacheni nife na yangu.

#39 asiye_na_pc
Samahani naingilia, mimi kompyuta yenyewe ndio imekufa na sina nyingine ya kutengenezea flashi. Nina simu tu ya Android. Inawezekana au mpaka niende kwa fundi?

#40 Skrini Nyeusi
Inawezekana. Programu ya EtchDroid, haihitaji kuruti simu (kuifungua mpaka ndani). Unahitaji kile kiwaya cha OTG, unachomeka flashi kwenye simu, unachagua ISO, inaandika. Ila ni kwa ISO za Linux, za Windows hapana, sababu ni ileile niliyosema #20. Chaji simu ijae kwanza, na usiiguse ikiwa inaandika. Ukishawasha kompyuta kwa Mint ya kwenye flashi tayari una kompyuta, ukitaka Windows yako tengeneza hapohapo kwa flashi ya pili.

#41 asiye_na_pc
Asante sana mkuu, kumbe simu ni fundi.

#42 Nzagamba Jr
Wakuu nimerudi na naandikia kwenye HP yenyewe, Windows 11, safi, picha za send-off za watu zimeondoka. Draiva ya kobe #32 imefanya kazi, VMD sikuigusa kwa sababu Dada Eksel alinitia woga. Na kuwasha yenyewe wala haikuniuliza ufunguo wa leseni, ilishajiwasha.

#43 kobe_wa_pwani
Mashaallah. Leseni imo kwenye bodi ya mashine, iliisoma humo. Sasa tuambie ile ya kwanza, flashi kuonekana, ilikuwa nini? Uliruka juu juu #27.

#44 Fundi Saa Nane
GPT. Nasubiri aseme tu.

#45 Nzagamba Jr
Hapo ndio sijui wakuu. Nilichofanya: nilichukua flashi nyingine, ya GB 8 niliyopewa kwenye semina zamani, ina nembo imefutika. Nikarudia Rufus na GPT. Nikaingia F10 nikazima kitu kinaitwa Fast Boot, niliona tu kinafanana fanana. Na nikaichomeka upande wa kushoto badala ya kulia. Vyote kwa mpigo, nilikuwa nimechoka.

#46 Jirani wa Namanga
Upande wa kushoto!! Nilisema nini?

#47 Mama Printa
Flashi nyingine. Sisemi zaidi.

#48 Fundi Saa Nane
Kaka, kitu kimoja kimoja! Unabadilisha kimoja unajaribu. Sasa tumebishana wiki nzima na ushahidi umeuchanganya kama pilau.

#49 Mzee wa Pentium
Fast Boot na Secure Boot ni majirani kwenye menyu. Una hakika ulizima hiyo uliyosema?

#50 Nzagamba Jr
...ngoja nikaangalie.

#51 Mama Printa
Wakati unaangalia, ile ya elfu saba ifanyie H2testw utuletee matokeo. Itachukua kama usiku mzima.

#52 Nzagamba Jr
Ile nimemgawia mshkaji wa Dell. Keshaiweka movi.

#53 Mpita Njia
Wakuu sasa na mimi, HP yangu flashi inaonekana kwenye F9 vizuri tu, nikiichagua skrini inakuwa nyeusi na kistari kinapepesa kwenye kona. Nifungue uzi mwingine au niulizie hapa hapa?

#54 Mama Printa
Hapa hapa. Anza kutuambia flashi ulinunua shilingi ngapi.